Kufuatilia Ukoo wa Mlowezi wa Marekani: Mfano wa Daniel Boone

Mtu anayetafuta nasaba ya Daniel Boone, mwindaji aliyewafungulia walowezi njia ya kuingia Kentucky mwaka 1775, kwa kawaida hukimbilia Kentucky kwenyewe, na huko ndiko anakokwama. Madaftari ya sensa za mwaka 1790 na 1800 ya jimbo hilo hayapo tena, hivyo watafiti hutumia orodha za walipa kodi kuziba pengo. Hata sensa nyingine za kabla ya mwaka 1850 humtaja kwa jina mkuu wa kaya pekee. Mke na watoto ni tarakimu tu.

Ushauri wetu ni kuanzia Pennsylvania, alikozaliwa Daniel, katika kumbukumbu za mikutano ya dhehebu la Marafiki (Quakers), lile lile lenye waumini wengi magharibi mwa Kenya. Marafiki waliandika karibu kila kitu: ndoa, uhamisho na hasa makosa. Squire Boone, babake Daniel, alizaliwa Devon, Uingereza, na mwaka 1720 alimwoa Sarah Morgan. Mwaka 1742 binti yao alipoolewa na mtu asiye wa dhehebu hilo, Squire alikiri kosa mbele ya mkutano. Miaka mitano baadaye mwanawe Israel naye alioa nje. Safari hii mzee alisimama na mwanawe, akatengwa. Kwa mtafiti, aibu hiyo ni hazina, kwa kuwa inataja wazazi, watoto na mwaka kwa kalamu ya watu waliokuwapo. Mwaka 1750 familia iliondoka kuelekea North Carolina, lakini kumbukumbu ya kutengwa si ushahidi wa sababu ya kuhama.

Tarehe zinahitaji uangalifu zaidi. Vitabu vingine husema Daniel alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1734, vingine tarehe 2 Novemba, na vyote viko sahihi. Hadi mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake zilifuata kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 11 na iliyoanza mwaka mpya tarehe 25 Machi. Marafiki, waliokataa majina ya miezi yenye asili ya kipagani, waliandika namba. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuiita Agosti mwezi wa nane, ndiye hasa wa kuonywa: katika maandishi yao ya wakati huo Machi ndio mwezi wa kwanza, hivyo mwezi wa nane ni Oktoba.

Majina nayo hurudiwa mno. Squire ni jina, si cheo, na Daniel alikuwa na ndugu mwenye jina hilo la baba yao. Israel aliyeoa nje mwaka 1747 ni kakake Daniel, ilhali Israel aliyeuawa katika mapigano ya Blue Licks tarehe 19 Agosti 1782 ni mwanawe. Asiyelinganisha umri, mke na kiwanja cha kila mmoja atawaunganisha kuwa mtu mmoja.

Simulizi za familia zije baadaye. Mwaka 1851 mwanahistoria Lyman Draper alimhoji Nathan, mtoto wa mwisho wa Daniel, na maandishi yake yamehifadhiwa Wisconsin. Ni mahojiano yenye utajiri mkubwa, lakini Nathan alizaliwa mwaka 1781: kuhusu kifo cha kakake James, aliyeuawa mwaka 1773, alikuwa akisimulia alichosimuliwa.