Kichwa cha ngazi ni nini, na kwa nini kile cha sakafuni hakifai

Mwanza zulia la sebuleni likichafuka halina mjadala. Linakunjwa, linapakiwa kwenye bajaji mpaka pa kuoshea magari, linatandazwa kwenye zege, linapigwa maji ya presha na sabuni ya unga, kisha linaanikwa ukutani au juu ya jabali. Mawe tunayo ya kutosha. Zulia la ngazini halina safari hiyo. Limegundishwa au limepigiliwa kidato kwa kidato, haling'oki bila kuharibika, na anayetaka kulisafisha lazima alifuate lilipo.

Na ngazi huku hazikosekani. Mji umejengwa kwenye vilima vya mawe, nyumba za Isamilo na Capri Point zinapanda na mteremko, na penye ghorofa yenye wageni wengi, iwe hoteli, ofisi au ukumbi wa harusi, mwenye nyumba hupenda kutandika zulia ili viatu visipige kelele. Ongeza ngazi za madhabahu makanisani, ambazo ni fupi lakini zinakanyagwa kila Jumapili na mamia ya watu.

Hapo ndipo kinapoingia kifaa ambacho mafundi wengi hawanacho kwenye gari lao: kichwa cha ngazi. Ni kipande kidogo kinachofungwa mwisho wa mpira wa mashine ya kusafishia mazulia. Kinanyunyiza maji yenye dawa kwenye zulia na kuyavuta papo hapo pamoja na uchafu. Kazi hiyohiyo inafanywa na kichwa cha sakafuni, lile bomba refu lililopinda ambalo fundi analishika akiwa amesimama. Tofauti ni umbo. Cha sakafuni kina mdomo wa sentimita 25 hadi 35 na kimetengenezwa kuvutwa kwa hatua ndefu kwenye uwanda. Cha ngazi kina mdomo wa sentimita 10 hivi, vingine vinafika 15, na kinashikwa kwa kiganja, mkono ukiwa karibu kabisa na zulia.

Mtu akiona kifaa kidogo namna hiyo hudhani ni cha viti vya sofa, au ni cha kumalizia pembe. Kweli kwenye sofa pia kinatumika. Lakini ngazini ndicho kifaa chenyewe, na sababu yake haitokani na nguvu ya mashine hata kidogo.

Sababu ni mgusano. Mashine hizi zinavuta maji kwa kuvuta hewa. Hewa inaingia kupitia nyuzi za zulia, inabeba maji na uchafu, inapanda mpirani. Ili ipite nyuzini, mdomo wa kichwa lazima ukae juu ya zulia bila mwanya. Ukiacha mwanya wa kidole kimoja upande wa kulia, hewa yote inapita hapo maana ndiyo njia rahisi, na maji yaliyo kwenye nyuzi yanabaki yalipo. Ni kama mrija wa soda uliotoboka: unavuta kwa nguvu zako zote, unapata upepo. Mashine inanguruma vilevile, ndiyo maana mteja hagundui. Mama mwenye nyumba akiuliza mbona zulia bado limelowa, jibu huwa tayari: "Mama, hii mashine ni kubwa, usiwe na wasiwasi." Ukubwa wa mashine hauzibi mwanya.

Sasa tazama kidato chenyewe. Kina sehemu ya kukanyagia, ambayo kwenye nyumba nyingi ina kina cha sentimita 25 hadi 30. Kina uso uliosimama wima, wa sentimita 15 hadi 18 hivi. Na kina ukingo, pale zulia linapokunjwa kutoka juu kushuka chini. Ukiweka kichwa cha sakafuni kwenye sehemu ya kukanyagia, una nafasi ya kuvuta kama urefu wa wayo wa mtu mzima, kisha kidato kimekwisha. Nusu ya nafasi hiyo inaliwa na kuanza na kusimama. Bomba nalo linagonga kidato cha juu, kwa hiyo kichwa hakiingii mpaka pembeni ndani, na huko ndiko vumbi linakojikusanya. Uso uliosimama ndio mbaya zaidi. Bomba refu linataka lishikwe kichwachini, mkono unachoka baada ya vidato vichache, na fundi anaanza kupapasa tu.

Ukingo ndio unaohukumu kazi yote. Uchafu wa ngazi haukai sawasawa. Mguu unaposhuka unakanyaga mbele ya kidato, na watu wengi hupita katikati, kwa hiyo katikati ya ukingo kunakuwa na alama nyeusi yenye mafuta ya soli, mchanga na jasho la miguu mitupu. Pita mkono hapo kwenye ngazi ya zamani utasikia zulia limezama, nyuzi zimelala, pengine umebaki uzi wa chini tu. Sehemu ina bonde. Kichwa cha sentimita 30 kikipita kinakaa juu ya kingo mbili za bonde hilo na kuliruka, kinasafisha pembeni ambako hakuna mtu anakanyaga. Kichwa cha sentimita 10 kinaingia bondeni. Pande mbili za mdomo wake, wa mbele na wa nyuma, pia ziko karibu, kwa hiyo unaweza kuzikalisha kwenye mkunjo wa ukingo bila mmoja kuning'inia hewani.

Kwenye ngazi za kona, zile zenye vidato vya pembetatu, hakuna haja hata ya kubishana. Upande mwembamba cha sakafuni hakitoshi.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kudhani kadiri mdomo unavyokuwa mdogo ndivyo bora. Mdomo wa sentimita 10 wenye tundu la upana wa milimita 5 una eneo la sentimita 5 za mraba. Mpira wa milimita 38 unaotumika kwenye mashine nyingi una eneo la zaidi ya sentimita 11 za mraba. Maana yake mashine inabanwa pumzi mdomoni. Hewa inayopita pale inakimbia kwa kasi, jambo zuri, lakini ni chache, na ikiwa chache mno maji yanabaki mpirani, yanarudi yakichuruzika ukizima. Ndiyo maana sipendi ile midomo myembamba ya viti vya gari kutumika ngazini, ingawa ndiyo inayopatikana kirahisi kwa wenye mashine za kuvutia maji na vumbi pale pa kuoshea magari. Kati ya sentimita 10 na 15 ndipo pazuri. Ngazi pana za hoteli, moja kwa moja na bila bonde, zinaweza kukubali kichwa cha 15 hata cha 20 chenye bomba fupi. Ngazi ya nyumbani iliyochakaa, chukua 10.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kununua au kuazima. La kwanza, maji yanatokea wapi. Vichwa vingine vinanyunyizia nje, mbele ya mdomo, na ngazini ukuta uko sentimita chache tu kutoka mkononi. Rangi ya ukuta na ubao wa pembeni vitapata matone ya maji machafu. Tafuta kile ambacho pua ya kunyunyizia imefichwa ndani ya kifuniko. La pili, kifuniko chenyewe kiwe cha plastiki angavu. Hili linaonekana la urembo lakini ndilo jicho la fundi. Maji yanapita chini ya plastiki hiyo mbele yako: mara ya kwanza rangi ya chai ya rangi, mara ya pili rangi ya mchanga, halafu yanakuwa meupe. Yakiwa meupe acha kunyunyiza, endelea kuvuta tu. Fundi asiyeona maji yanayotoka hufuata saa, au hufuata uchovu wake.

Huku kwetu kuna jambo ambalo maelezo kwenye boksi la mashine hayasemi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyumba za vilimani ziko juu zaidi. Hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, na mota ya kuvutia inategemea uzito wa hewa. Mashine ileile inavuta pungufu kidogo Mwanza kuliko pwani. Kwenye sakafu hutaliona. Kwenye ngazi ya ghorofa tatu, mpira ukiwa mrefu, pungufu hilo linajumlishwa na hewa inayopotea njiani, na unaanza kuona maji yanabaki. Dawa yake ni kufupisha mpira: hamisha mashine kutoka ghorofa moja kwenda nyingine, iweke kwenye sakafu au kwenye tuta la kugeukia ngazi. Kamwe usiiweke juu ya kidato, hata kwa dakika moja. Ikijaa maji ni nzito na ina magurudumu.

Umeme nao uhesabiwe. Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13 kwa volti 230, ambayo haifiki wati 3,000. Mashine yenye mota mbili na hita ya kuchemshia maji inaweza kula karibu yote, kwa hiyo ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu isitumike. Na kwa kuwa nimetaja hita: watu huita usafi huu wa mvuke. Si mvuke. Ni maji ya moto, nayo kwenye zulia la sufu yasizidi vuguvugu.

Kichwa cha ngazi chenyewe hakitangulii. Kinatanguliwa na vakyumu kavu, mashine ya kuvuta vumbi bila maji. Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni vumbi na mchanga mkavu, na Mwanza mchanga wetu unatokana na miamba ya granaiti, punje kali zinazokata nyuzi kila mguu unapokanyaga. Ukizilowesha kabla ya kuzitoa umetengeneza tope. Vakyumu ya mkono yenye brashi ndogo inayozunguka ni nzuri kwa zulia la nyuzi zilizokatwa, lakini kwenye zulia la vitanzi, ambalo nyuzi zake hazikukatwa ncha, brashi hiyo inaweza kunasa uzi mmoja na kuufumua mstari mzima. Hapo tumia mdomo mtupu. Baada ya hapo puliza dawa, iache kama dakika kumi, sugua ukingo kwa brashi ya mkono, ndipo kichwa kinaingia. Anza juu kushuka chini, ukiwa umepiga magoti kwenye vidato ambavyo bado ni vikavu. Kwa kila mvuto wa maji, weka miwili ya kukausha.

Zulia la katani halimo kwenye habari hii. Katani tunailima wenyewe Tanga na Morogoro, ni ngumu, inafaa ngazi kabisa, ila maji yanaipiga madoa na kuifanya isinyae. Ni vakyumu na brashi kavu basi. Zulia lenye mgongo wa jute, zile nyuzi za magunia, nalo lilowe kidogo sana, kwa sababu likichelewa kukauka rangi ya kahawia hupanda kutoka chini mpaka juu ya nyuzi, na mteja atadhani umelichafua zaidi.

Kukausha ndiko kunakoonyesha kama kifaa kilikuwa sahihi. Ukingo uliovutwa vizuri ukiubonyeza kwa tishu nyeupe unaacha unyevu, hauachi maji. Mchana upepo hutoka ziwani kuingia nchi kavu, kwa hiyo kazi ikianza asubuhi na madirisha yakafunguliwa, ngazi inaweza kupitika jioni. Usiku ni habari nyingine. Ukiacha dirisha wazi na taa ikiwaka, msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotembea kama moshi, utakuta wamejaa kwenye zulia bichi, na wakikanyagwa umerudi mwanzo. Zima taa, washa feni. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, usikubali kazi ya ngazi jioni kabisa.

Maji machafu yamwagwe chooni. Mitaro ya mjini inaelekea mto Mirongo, na Mirongo unaelekea ziwani.

Kuhusu malipo, hapa ndipo wateja na mafundi wanapokosana. Kidato cha upana wa sentimita 90, ukijumlisha sehemu ya kukanyagia ya 28 na uso wa 17, kina eneo la mita 0.4 za mraba. Vidato 16 ni mita sita na nusu tu, kama chumba kidogo cha mtoto. Mteja akipigiwa bei ya mita anaona ni kazi ya robo saa. Lakini kila kidato ni mivuto tisa ya kichwa cha sentimita 10 juu, tisa kwenye uso, halafu ukingo peke yake, halafu kukausha, magoti yakiwa chini muda wote. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hutoza kwa kidato. Fundi anayekubali bei ya mita bila kubisha, mwambie kwanza afungue gari akuonyeshe kichwa atakachotumia.