Je, wajua kwa nini Parma iliuzwa kwa euro moja?

Euro moja haikupatii hata kipande cha maana cha jibini la Parmigiano, jibini linaloutangaza mji wa Parma, kaskazini mwa Italia, kuliko kitu kingine chochote. Ila Februari 2015 euro hiyo ilitosha kununua klabu nzima ya soka ya mji huo. Na si klabu ya mchangani: ilibeba Kombe la UEFA mara mbili, 1995 na 1999, na ndiyo waliyong'aria Buffon, Cannavaro, Thuram na Crespo. Mkenya McDonald Mariga naye alipita hapo kabla Inter Milan haijamchukua mwaka 2010.

Sasa ilikuwaje?

Chanzo ni maziwa. Parma ni mji wa watu wapatao laki mbili, na hadi mwaka 1990 timu yake haikuwa imewahi kucheza Serie A, ligi kuu ya Italia. Aliyeitia nguvu ni Calisto Tanzi, mwenye kampuni ya maziwa ya Parmalat. Wachezaji waliokuwa wakienda Milan au Juventus wakaanza kukubali kuishi mkoani. Mwaka 1997 Parma ilimaliza pointi mbili tu nyuma ya bingwa Juventus.

Desemba 2003 ikagundulika kwamba barua ya benki iliyoonyesha Parmalat ina akiba ya karibu euro bilioni 4 ilikuwa ya kughushi. Kampuni ikaporomoka, Tanzi akaishia gerezani.

Wengi hudhani hadithi inaishia hapo. Klabu ilipona, ikapata mmiliki mwingine, na mwaka 2014 ikashika nafasi ya sita. Ndipo ikanyimwa leseni ya kucheza Ulaya kwa sababu ya kodi ambayo haikulipwa. Kumbe chini ya jamvi kulikuwa na madeni ya zaidi ya euro milioni 200! Hiyo ndiyo siri ya bei ile: ukinunua klabu, unanunua na madeni yake. Euro moja ni ya kukamilisha karatasi tu. Mzigo wenyewe unaukuta ndani.

Msimu huo wa 2014/15 ulikuwa wa aibu. Mishahara haikutoka kwa miezi. Mechi na Udinese iliahirishwa kwa kukosa pesa za walinzi wa uwanjani. Wachezaji walijifulia jezi, na mabenchi ya chumba cha kubadilishia nguo yakapigwa mnada. Machi klabu ikatangazwa muflisi. Halafu Aprili, timu hiyohiyo ya mkiani, isiyolipwa, ikaifunga Juventus 1-0. Juventus iliyofika fainali ya Ligi ya Mabingwa msimu uleule! Mimi hiyo mechi naithamini kuliko makombe yote mawili.

Klabu ikazaliwa upya kwa jina la Parma Calcio 1913, ikaanzia Serie D, daraja la nne, ikiungwa mkono na wafanyabiashara wa hapohapo, wakiwemo Barilla, wale wa tambi. Wachezaji karibu wote waliondoka. Nahodha Alessandro Lucarelli, beki wa miaka 38, akabaki. Akapanda nao 2016, 2017, na 2018 wakarudi Serie A, madaraja matatu mfululizo. Akatundika daluga akiwa na miaka 40, na jezi yake namba 6 haijavaliwa tena.