Yai lenye ncha sio lazima litoe jogoo

Mimi natotolesha vifaranga hapa Mikindani, Mtwara, na lawama ninazopata ni zilezile, eti nimempa mtu majogoo matupu, na kila anayelalamika ana dawa yake mfukoni. Leo najibu zote maana nimechoka kurudia.

Ya kwanza, chagua mayai ya mviringo yale yenye ncha ni majogoo. Hapana. Umbo ni kazi ya mirija ya kuku mwenyewe, ganda halijui lina nani ndani.

Ya pili, jogoo wako mbovu, badilisha. Hiyo mmeitoa kwa binadamu, kwetu baba ndo anatoa kromosomu ya jinsia, yaani kile kibeba jeni kinachoamua, X kwa msichana au Y kwa mvulana (na bado kuna mama anaachwa eti anazaa wasichana tu, haya). Kwa kuku ni kinyume, jogoo ana ZZ, hana cha kutoa ila Z, jike ana ZW, kwahiyo anayeamua ni mama, tena ameshaamua kabla mbegu ya jogoo haijalifikia yai.

Sasa hii ya moto ndo inanichosha. Mtu anakuja, "Mama, ongeza joto kwenye mashine watoke mitetea." Ndugu yangu, mashine inakaa nyuzi 37.5 siku 21, ukizidisha unapika vifaranga, hupati mitetea. Ila naelewa mlikoipata, maana kasa wanaotaga kule Msimbati hawana kromosomu za jinsia kabisa, joto la mchanga ndo linaamua, kwenye nyuzi 29 hivi wanatoka mchanganyiko, juu ya hapo majike yanazidi, chini madume. Na joto halibadilishi jeni hata moja, linawasha na kuzima tu. Mwaka 2018 wanasayansi walionyesha kwa kobe mmoja wa maji baridi wa Marekani kwamba mayai yakikaa nyuzi 26 jeni inayoitwa KDM6B inafanya kazi, inafuta alama zilizoifungia jeni nyingine, DMRT1, hiyo ikifunguka kinatoka dume, na kwenye nyuzi 32 inabaki imefungwa. Cha kuchekesha, DMRT1 hiyohiyo kwa kuku imekaa kwenye Z, jogoo anazo mbili jike moja, kwahiyo swichi ni ileile ila kobe huyo anaibonyeza kwa joto na kuku anazaliwa nayo imeshahesabiwa.

Mwisho, mtetea akiwika ni mkosi, chinja haraka. Jamani. Kuku jike anatumia ovari (kiungo kinachotengeneza mayai) ya kushoto peke yake, ile ya kulia imelala, sasa ya kushoto ikiharibika kwa ugonjwa au uvimbe ya kulia inaweza kuamka na kugeuka kama korodani, homoni zinabadilika, upanga unakua, anaanza kuwika alfajiri. Kromosomu zake bado ZW vilevile. Wa kwangu aliwika wiki mbili na hakuna aliyekufa hapa nyumbani, tulimla kwa sababu alikuwa hatagi tena.