Kimetangazwa kirudishwe, mbona bado kiko chumbani?

Mi kazi yangu ni kukagua usalama wa vifaa vya nyumbani na vya watoto, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "kitanda chetu kimetangazwa kirudishwe kiwandani, lakini mtoto wa kwanza alikilalia mpaka akakua na hakupata shida, kuna haja kweli?" Haja ipo, tena kubwa. Watu wanadhani tangazo likishatoka hatari imeisha, kumbe tangazo ni maneno tu, kitu chenyewe bado kiko pale pale.

Chukua kile kilalio cha watoto wachanga cha kampuni ya Fisher-Price, kinaitwa Rock 'n Play. Aprili 2019 kilitangazwa kirudishwe huko Marekani, vilikuwa kama milioni 4.7, halafu Januari 2023 tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC, na kampuni wakalazimika kutangaza upya, kwa sababu vifo vilivyoripotiwa vilishafika kama 100 na angalau 8 vilitokea baada ya tangazo la kwanza. Hiyo 8 inaniuma sana. Na wala kilalio hakikuwa kinavunjika, kilikuwa imara kabisa, tatizo ni ule mlalo wa kuinuka upande wa kichwa: mtoto anaweza kujigeuza akashindwa kurudi, au kichwa kinainama mbele kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa, kimya kimya, bila hata kulia. Kwa hiyo mtoto wa kwanza kupona hakuthibitishi kitu, labda yeye alichelewa kujigeuza.

Sasa ukisikia tangazo usiangalie picha tu ukasema "changu rangi tofauti", geuza kitu chini utafute lebo, soma namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa ulinganishe na tangazo. Ikilingana acha kukitumia saa hiyo hiyo, usisubiri kampuni ijibu imeili. Kuna wanaorudisha hela, kuna wanaobadilisha, kuna wanaotuma kifaa cha kurekebishia, fuata walichoandika na usijirekebishie mwenyewe tafadhali. Vile vitanda vya watoto vyenye ubavu wa kushuka, Marekani walipiga marufuku kuviuza tangu Juni 2011, vyuma vyake vilikuwa vinalegea au kukatika, ubavu unaachia nafasi na mtoto ananasa hapo, na kufunga kwa waya au kamba hakuzibi ile nafasi, pengine kunaongeza kitu kingine cha kumkaba.

Kama kitu kina betri ya lithiamu usikitupe na takataka za kawaida, inaweza kushika moto, uliza sehemu inayopokea taka hatari.

Halafu kuna hili la kugawa, hapa ndo nabishana na watu wazuri kabisa. Unaona huruma kutupa, unampa jirani mwenye mtoto mchanga, au unakiweka stoo na baada ya miaka ndugu anakichukua, na yeye lile tangazo hakuliona. Kipige picha kwanza maana kampuni nyingine zinataka ushahidi ndo zirudishe hela, kisha kata kitambaa, kata mikanda, vunja fremu, hata anayeokota jalalani asiweze kukitumia.

Na kama ulishampa mtu mpigie simu leo, hata kama imepita miaka 3, muulize kiko wapi sasa hivi na nani analala humo.