Chuma huzama, meli ya chuma je? Tunayoambiana ufukweni Kibirizi

Ukikaa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, kusubiri boti, hukosi kusikia fizikia ya aina yake. Hizi ndizo nilizozisikia mara nyingi.

Dhana: Meli inaelea kwa sababu injini inaisukuma.
Anayesema hivi anaichanganya na ndege. Meli ikifunga gatini Kigoma na kuzima injini, asubuhi utaikuta palepale. Tupite.

Dhana: Kizito huzama, chepesi huelea.
Hii ndiyo mama yao. Msumari wa gramu chache unazama, MV Liemba, meli kongwe ya ziwa hili yenye mamia ya tani za chuma, inaelea. Cha kuangalia ni densiti, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi kinayochukua. Lita moja ya maji ina kilo 1. Chuma cha ujazo huohuo kina karibu kilo 7.8. Na Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alishaeleza zaidi ya miaka 2,000 iliyopita kwamba maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa na kitu hicho.

Chukua karai la chuma la fundi ujenzi, tuseme la kilo 2. Liweke majini taratibu: litadidimia mpaka lisogeze lita 2 za maji, kisha litulie, kingo zikiwa bado juu. Sasa mpe mhunzi aliponde liwe donge. Kilo ni zilezile 2, lakini donge linasogeza robo lita tu, kwa hiyo maji yanalisukuma kwa robo kilo. Linakwenda chini bila kuaga. (Wanaoapa kwamba mbao zote huelea nao wajaribu kipande cha mpingo.)

Liemba yenyewe imeyapitia haya. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa Kigoma vipandevipande na kuunganishwa upya. Ungetupa ziwani bamba mojamoja, yote yangezama. Yalipounganishwa yakawa chombo, kikaelea mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi ili adui asiipate. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Chuma kilikuwa kilekile, chini na juu. Tofauti ni maji yaliyokuwa yamejaa ndani.

Dhana: Hewa iliyomo ndani ndiyo inayoinyanyua, kama puto.
Hewa hainyanyui meli. Nayo ina uzito, zaidi kidogo ya kilo 1 kwa kila mita ya ujazo. Kazi yake ni kukalia nafasi ambayo maji yangeingia. Mvuvi anayefua maji kwenye mtumbwi hapulizi kitu ndani, anatoa mzigo.

Dhana: Tanganyika inabeba meli kubwa kwa sababu ya kina chake.
Kina kinafika mita 1,470, lakini maji yaliyo mbali chini ya mkuku (uti wa chini wa meli) hayaongezi chochote. Mradi meli isiguse chini, mita 10 zingeibeba vilevile. Kinacholeta tofauti ni chumvi: lita ya maji ya bahari ina karibu kilo 1.025, kwa hiyo meli ileile ingekaa juu kidogo Dar es Salaam kuliko hapa. Ndiyo maana meli za baharini huchorwa ubavuni mstari wa maji ya chumvi na wa maji baridi (yasiyo na chumvi), na huu wa maji baridi uko juu zaidi.