Mei si mwezi wa kuweka darubini kabatini

Kila masika yakishika naambiwa yale yale: wageni wamerudi Ulaya, ndege wamekwisha, tukutane Oktoba. Jamani, hapana! Anayeacha kwenda Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, mwezi Mei anamkosa mgeni adimu kuliko karibu wote wanaofika ghuba ya Winam ya ziwa hilo, kwa sababu huyo hatoki kaskazini.

Kweli, ndege wengi wa matopeni wanaozaa Siberia huondoka Aprili, na wachache huchelewa hadi siku za kwanza za Mei. Hao wachache watazame vizuri. Calidris ferruginea, mmoja wa hao wa matopeni, uliyemzoea akiwa kijivu sasa ni mwekundu wa matofali toka usoni hadi tumboni. Ukimkuta wa kijivu mwishoni mwa Mei, usiandike kwamba amechelewa; mara nyingi ni wa mwaka wa kwanza, hajafikia kuzaa, na atabaki huku hadi wenzake warudi. Usipoona hata mmoja, angalia maji kabla ya kulaumu kalenda. Ziwa likipanda, kama lilivyopanda Mei 2020 likapita rekodi ya 1964, kingo za tope huzama na ndege hawa hukosa pa kusimama.

Sasa huyo mgeni. Ardeola idae, yangeyange wa Madagaska, huzaa kisiwani kwao kisha huvuka bahari. Afrika Mashariki yupo takriban Mei hadi Oktoba. Ni ndege aliye hatarini kutoweka duniani, na bado watu humpita wakiandika "ralloides" kwa mazoea, yaani Ardeola ralloides, jamaa yake anayefanana naye. Usisubiri ndege mweupe mwenye mdomo wa buluu. Hiyo ni sura ya kuzalia, na huku huja ameshaivua.

Anza na mgongo. Wa idae ni kahawia nzito, wa ralloides unaelekea rangi ya mchanga. Kisha kifua: michirizi ya idae ni minene na ya giza juu ya weupe, ya ralloides ni myembamba na inazama kwenye rangi ya krimu. Mdomo wa idae ni mnene zaidi, lakini alama hiyo haikusaidii sana mpaka wawili wasimame pamoja. Akiruka, mabawa meupe na mgongo wa giza hutengana waziwazi.

Vitabu huishia hapo kana kwamba kazi imekwisha. Haijaisha. Ralloides mchanga naye ana michirizi ya kutosha kumchanganya mtu, manyoya yaliyochakaa hubadilisha rangi, na chini ya mawingu ya masika kila mgongo huonekana wa giza. Ndege mmoja wa mbali, amekunja shingo juu ya magugumaji, mimi simtaji. Naandika Ardeola, jina la jenasi tu, basi. Ukimtaja idae kwa kubahatisha, unawapa wanaomhifadhi ramani ya mahali asipokuwepo, na hilo linaniudhi kuliko orodha fupi.

Mbayuwayu nao wana kosa lao. "Wa Ulaya" anayeripotiwa Kisumu mwezi Juni kwa kawaida ni Hirundo angolensis, mkazi wetu: tumbo la kijivu chafu, wekundu wa koo unashuka kifuani, na mkanda mweusi wa kifua umekatika. Wa Ulaya ana mkanda mzima na tumbo jeupe au la krimu.

Uwe bichi ya Dunga kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa maana upepo ukianza mafunjo huyumba na ndege wa ndani yake hujificha. Darubini ya 8×42, yaani inayokuza mara nane kwa lenzi ya milimita 42, inatosha ukiwa majini. Teleskopu haina maana kwenye chombo kinachoyumba. Panda mashua ya kasia, fuata ukingo ambapo magugumaji yanagusa mafunjo, maana yangeyange huwindia hapo. Mpiga kasia akisema kuna kiboko, geuzeni bila mjadala. Na sauti za kwenye simu za kumwita Laniarius mufumbiri, ndege wa mafunjo, ziacheni: anaacha kulisha au kuatamia ili afukuze adui asiyekuwepo. Kaeni kimya dakika ishirini. Jozi yake huitikizana yenyewe.