Chanjo ni za watoto? Wanayosema wazee na ukweli wenyewe

Mwambie mtu wa miaka 70 akachanjwe, atakucheka. "Mwanangu, mimi mtoto mchanga?" Ndivyo alivyonijibu mama mkubwa, amekaa kibarazani anachambua mchele, na mkononi, karibu na bega, lile kovu lake la chanjo ya ndui linaonekana waziwazi. Wajukuu zake ndui hawaijui kabisa. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977.

Tena hao wanaosema chanjo ni za watoto wengi wao utotoni hawakuzipata. Mpango wa taifa wa chanjo Tanzania ulianza 1975. Chukua pepopunda: wanawake wengi walidungwa walipokuwa wajawazito, lakini babu anayelima pekupeku huenda hajawahi kupata hata sindano moja. Na aliyepata, kinga hufifia. Ndiyo maana watu wazima hushauriwa kuirudia kila baada ya miaka 10.

Penye maneno mengi zaidi ni kwenye mkanda wa jeshi. Huyu atasema mgonjwa karogwa, yule atanong'ona kwamba "ana ule ugonjwa", na karibu wote wanaamini malengelenge yakizunguka kiuno yakakutana, mtu hafiki Ijumaa. Kumbe ni kirusi kilekile cha tetekuwanga. Uliyeugua utotoni ukapona, kirusi hakikuondoka. Kimelala kwenye mishipa ya fahamu, kikingoja kinga ishuke. VVU hushusha kinga, ni kweli, lakini na umri hushusha, kwa hiyo kumnyooshea kidole bibi wa miaka 75 ni kumwonea tu. Malengelenge hufuata njia ya mshipa, na kwa kawaida hubaki upande mmoja wa mwili, hivyo hiyo habari ya kukutana isikutishe. La kutisha ni maumivu yanayoweza kubaki baada ya vidonda kukauka: khanga ikigusa ubavu mtu anaruka kama kaunguzwa, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa miezi. Chanjo yake ipo, dozi 2 zinazopishana miezi 2 hadi 6, na Marekani huitoa kuanzia miaka 50. Kwetu haimo kwenye zile za bure, na hilo ni tatizo la mfuko, si la uchawi.

"Nilidungwa ya mafua nikaugua palepale." Chanjo ya sindano ya mafua haina kirusi hai, haiwezi kukupa mafua. Mkono kuuma na mwili kuchoka siku moja mbili, hayo yapo. Ila kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka, na ukiambukizwa katikati, sindano ndiyo inayosingiziwa.

Wenye presha na kisukari nao huogopa, wakati ndio wanaoihitaji zaidi. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018, ulikuta kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya mtu kuthibitika kuwa na homa ya mafua, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa kama mara 6 ya kawaida.

Ule ujumbe wa WhatsApp wa 2021, kwamba waliochanjwa UVIKO-19 wangekufa ndani ya miaka 2, nadhani kalenda imeshaujibu. Rais Samia alichanjwa hadharani tarehe 28 Julai mwaka huo, akiwa na miaka 61.

Hata hivyo si kila hofu ya mzee ni ya kupuuzwa. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa anayeipata mara ya kwanza baada ya miaka 60, madhara makubwa, ingawa ni nadra, huongezeka. Huyo aongee na daktari kwanza.

Kinachonichekesha ni safari ya Hija. Saudi Arabia hudai cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, iliyotolewa angalau siku 10 kabla ya kufika, na wazee wetu hupanga foleni bila kunung'unika. Mama mkubwa naye alidungwa alipokwenda Maka. Nilipomkumbusha, akaniambia ile haikuwa chanjo, ilikuwa safari.